Habari ya Vidole

Mwanangu, kila baridi inapoingia na watu wa Nizwa hapa Omani wakaanza kutoa makoti makabatini, siku moja hunirudia kabla ya nyingine zote. Ni ile siku niliyofungwa kamba moja na Bi Zuhura juu ya Jebel Shams. Nasikia nyinyi wasichana mmejiandikisha kwenda huko huko, wanawake watupu na kiongozi wenu mwanamke, mkajifunze kupanda mlima wakati wa baridi. Nimefurahi hata chai yangu imepoa sijainywa. Basi kaa kidogo nikuhadithie kabla hujaenda kununua viatu.

Nilikuwa kijana wakati ule. Usicheke. Nilikuwa nimeshavuka arobaini, nasomesha skuli Ibra, na mlima wangu mkubwa ulikuwa ngazi za ghorofani kwa mama. Lakini kwenye mambo ya kamba na barafu nilikuwa mtoto mchanga, na nilikwenda na furaha ya mtoto mchanga. Tuliondoka Ibra Alkhamisi mchana, wanawake watupu kama nyinyi, gari imejaa mablanketi, tende na halua, tukampitia Bi Zuhura nyumbani kwake Nizwa. Yeye alikuwa mkubwa wetu sote, mjane aliyezaliwa Unguja, mwenye wajukuu wengi na ulimi mkali. Nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba huku ameshaingia ndani ya gari, ameshika mkoba wake kifuani, akatuuliza tunangoja nini.

Njiani alitwambia kwa nini anakwenda. Alikuwa ameishi chini ya mlima ule miaka mingi, na baadhi ya asubuhi za baridi akipanda darini huona kileleni pamekuwa peupe. Habari zikishaenea kwenye simu kuwa kuna barafu, wanawe hupanda na magari yao, wakapiga picha, wakamletea mama yao kidogo ndani ya kuli-boksi, lile sanduku la kutunzia baridi. Lakini njia ni ndefu, na wao husimama mjini Al Hamra kunywa chai.

"Kila mwaka wananiletea maji," alisema Bi Zuhura. "Nikiwambia nichukueni na miye, wanasema mama, baridi, mama, utaanguka. Basi leo nakwenda kuiona nzima."

Tulicheka mpaka dereva akapunguza mwendo. Lakini mimi nilimtazama kwenye kioo, na yeye hakuwa anacheka. Aliitaka barafu ile kama mtu anavyotaka haki yake.

Kiongozi wetu aliitwa Thuraya, msichana wa Al Hamra ambaye mama yake alikulia Unguja. Kiswahili chake kilikuwa cha vijana wa huku, kinachechemea kidogo, lakini mikono yake ilikuwa hodari. Ijumaa nzima alitufundisha pale tambarare tulipopiga mahema. Tulijifunza kuvaa mkanda wa kiunoni na mapajani, kufunga fundo la nane, kushika shoka la barafu, na kutembea na meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu. Ah, mwanangu, mara ya kwanza nilipoegemea kamba nyuma yangu pakiwa hapana kitu, ikanishika, nilisikia kelele na kumbe ni mimi mwenyewe nacheka. Hapakuwa na mwanamume wa kuniangalia wala wa kuniambia nijisitiri. Niliomba kurudia mpaka wenzangu wakaninyang'anya zamu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pana jambo lenyewe. Kila tulipopumzika Thuraya aliuliza hali, na sisi sote tulijibu, "Alhamdulillah." Wajua watu wetu tulivyo. Mtu akituuliza habari tunasema njema kwanza, na baadaye sana ndipo tunapotaja kuwa kuna mgonjwa ndani. Waarabu wa huku ni hivyo hivyo, mtu atakwambia hakuna habari, hakuna jipya, halafu anakupa habari ya msiba. Ni adabu nzuri, nimelelewa nayo na nimekulea nayo. Basi mkanda wangu ulikuwa umekazwa vibaya, mguu wangu wa kushoto umekufa ganzi muda mrefu, na mimi kila nikiulizwa nasema alhamdulillah na kutabasamu. Niliposimama, nilianguka.

Thuraya alinilegeza mkanda akanikanda mguu. Kisha akatukusanya. "Bibi zangu," alisema, "alhamdulillah ni ya Mungu, mpeni Mungu. Mimi nataka habari ya miguu. Nataka habari ya vidole. Mtu akisema zen, zen, mzima, mzima, na yeye si zen, anaangusha na mwenzake kwenye kamba."

Niliona haya usoni. Bi Zuhura alinigusa bega, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Kesho usitufiche, Asila." Kumbuka maneno hayo.

Usiku ule niliziacha glavu zangu nje ya hema, jambo ambalo nakuomba usilifanye. Alfajiri nilizikuta zimelowa umande na kukakamaa kwa baridi, ngumu hata haziingii mkononi. Bi Zuhura akanipa zake, nzito, zenye manyoya ndani. Nilikataa. Akasema, "Chukua, miye sina baridi, nina nyingine." Nilikataa tena kama inavyopasa, akasisitiza tena kama inavyopasa, mwisho nikazivaa. Zilikuwa za moto kutoka mikononi mwake.

Tulianza kupanda baada ya sala ya alfajiri. Thuraya alikuwa mbele na wengine, mimi na Bi Zuhura tukafuata tumefungwa kamba moja, mimi nikitangulia. Thuraya alinipa kazi moja, kila tukisimama nimuulize mwenzangu hali. Jua lilipotoka mawe yote yakawa ya rangi ya waridi, korongo lilikuwa chini yetu linatisha na linapendeza, na Bi Zuhura alikuwa anapanda kama aliyeitwa. Nilipomuuliza mara ya kwanza alisema, "Alhamdulillah, na goti langu linakusalimu." Nikacheka, nikaona mwalimu amepata mwanafunzi. Mara ya pili alisema alhamdulillah, goti halijambo. Baada ya hapo, tulipoupita mti mmoja mkavu na upepo ukazidi, ikabaki alhamdulillah peke yake.

Tulisimama nyuma ya jabali kula. Juu yetu, ndani ya ufa wa mlima ambao jua haliufikii, tuliiona barafu, utepe mweupe unaong'aa, karibu kiasi cha kuweza kuitana na mtu aliye pale. Bi Zuhura akaitazama tu. Nilimpa tende, ikamwanguka. Nikampa ya pili, akaipokea kwa viganja viwili vilivyobanwa pamoja, nayo ikaanguka, na hakuinama kuiokota. Mwanangu, Bi Zuhura hakuwa mtu wa kuacha tende chini.

Asubuhi Thuraya alikuwa amesema wazi kuwa mwenye vidole vilivyokufa hapandi, anashuka. Nikisema, mimi ndiye nitakayemnyima mama huyu kitu alichokiomba miaka yote hiyo, tena mbele ya macho yake. Na tangu lini mtoto akambishia mtu mzima aliyekwisha kusema hajambo? Kwetu mtu mzima huulizwa mara moja, akijibu, basi.

"Bi Zuhura," nilisema, "niwie radhi. Nakuuliza tena. Vidole vipi?"

"Nimeshakujibu. Twende zetu."

"Nipe mikono nione."

"Unanikagua, Asila?" Sauti yake ilikuwa baridi kuliko upepo. "Miye nimekupa glavu zangu, wewe unanikagua mbele za watu?"

Wenzetu waligeuka. Nilitamani mlima unimeze. Lakini nilikuwa nimevaa joto lake mikononi mwangu, na hilo ndilo lililonipa ujasiri. Nilimshika kifundo cha mkono nikamvua glavu. Zile "nyingine" alizosema anazo zilikuwa za pamba nyembamba, za kuendeshea gari wakati wa jua. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na nilipovibonyeza hakushtuka.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri faida ya kuwa wanawake watupu. Sikumwita mtu wala sikutafuta pa kujificha. Nilifungua zipu ya koti, nikapandisha fulana, nikaitia mikono yake yote miwili tumboni mwangu, kwenye ngozi. Baridi yake ilinitoa pumzi. Thuraya akaja mbio, akavua miwani, akamtazama Bi Zuhura usoni.

"Bibi, toka saa ngapi huisikii vidole?"

Bi Zuhura alitazama utepe ule mweupe, kisha akanitazama mimi niliyemkumbatia na mikono yake tumboni mwangu. Machozi yakamtoka. "Tangu tulipouacha ule mti mkavu," alisema. "Nilijua nikisema mtanishusha."

"La, Bibi. Ukisema, ndiyo tunaweza kusaidia. Tunangoja hapa, shwayya shwayya, kidogo kidogo. Ikirudi rangi, ikiuma, tunapanda. Isiporudi tunashuka sote, khalas, na mimi nitakuleta tena."

Tukangoja. Wenzetu walisimama wakatuzunguka kutukinga upepo, wakatunywesha chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua, maana nilitaka mikono ile ipone na nilitaka barafu ile aifike, yote mawili kwa pamoja, na sikujua kama nina haki ya kuomba yote mawili. Basi tumboni mwangu nikasikia kitu kinacheza, kidole kimoja, halafu kingine. Bi Zuhura akauma meno.

"Vinauma, Asila," alisema. "Wallahi vinauma, kama vimebanwa na mlango."

Wote tukapiga vigelegele. Sijapata kufurahia malalamiko ya mtu mzima kama siku ile. Yeye analia kwa maumivu, sisi tunamshangilia, na katikati ya kilio akaanza kucheka. Thuraya alivitazama vidole, vimekuwa vyekundu, akakitikisa kila kimoja. Kisha akafungua mkoba wake akatoa glavu nyingine nzito, mpya kabisa. Alikuwa nazo za akiba muda wote. Hakuna aliyezitaka kwake kwa sababu hakuna aliyesema ana baridi.

Tulipanda polepole, na kila hatua chache Bi Zuhura mwenyewe alinipigia kelele habari zake bila kuulizwa: kidole gumba kinawasha, kidogo kinachoma, pua imekufa lakini pua si kidole. Kwenye mdomo wa ule ufa tulifunga meno ya chuma. Nasikia mpaka leo sauti ya mguu wake wa kwanza ulipoingia, krach, na ukashika. Alisimama. Akapiga shoka lake kama tulivyofundishwa, kipande kikaruka, akakiokota na glavu mpya akakigonga kwenye jabali.

"Kumbe ni ngumu," alisema.

Basi hilo tu. Miaka yote ile alikuwa ameijua barafu ya mlima wake kuwa ni maji ndani ya boksi. Alikiweka kinywani kikamvimbisha shavu, akatutazama mmoja mmoja na macho yanayocheka, nasi tukalia na kucheka. Thuraya akamuuliza kama tuwatilie wanawe kidogo ndani ya chupa. Bi Zuhura akatikisa kichwa. "Nao wana miguu," alisema. "Wakiitaka, waje na mama yao awaonyeshe njia."

Wakati wa kushuka alinishika mkono. "Umenivunjia heshima leo," aliniambia taratibu, "na usiache kunivunjia." Tangu siku hiyo nikimpigia simu na kumuuliza hali, husema alhamdulillah, akavuta pumzi, halafu akanipa habari: bega, usingizi, mkwe wake. Na mimi humpa zangu.

Kwa hiyo, mwanangu, funga mafundo yako vizuri na glavu ulale nazo ndani ya blanketi. Ukiulizwa hali, mshukuru Mungu kwanza, ndivyo tulivyo na ndivyo tubakie, kisha umwambie ukweli yule mliyefungwa naye kamba, iwe mlimani, iwe kazini, iwe ndani ya ndoa. Ukimpa mtu glavu zako, mwonyeshe kwanza mikono unayobaki nayo. Na mtu mzima akikwambia hajambo, mheshimu, halafu muulize tena, hata akikukasirikia.

Nenda, mama. Mwenyezi Mungu akupandishe kwa furaha na akuteremshe salama, na kila utakaposema njema nawe si mzima, akujaalie mtu wa kukuuliza mara ya pili.