Godoro la Makapi ya Ngano

Enzi zetu, sisi tuliokulia kando ya mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, mwaka ulikuwa na majira ambayo mwalimu wa jiografia hakutufundisha: majira ya kutoa vitu nje. Yalifika ngano ikishakauka, kabla kombaini hazijaanza kuvuna. Zikishaingia shambani, vumbi na makapi viliruka na upepo mpaka ukitema mate yanatoka ya kahawia. Kwa hiyo mama aliwahi. "Vumbi halina adabu," alizoea kusema, "linaingia bila hodi."

Siku hiyo hakuna aliyekwenda kucheza. Ngozi, mablanketi, magunia na vyungu vyote vilitoka. Masizi ya darini yaliangushwa kwa fagio lililofungwa kwenye mti mrefu, na sisi tuliokuwa chini tukawa weusi, tukabaki macho tu. Mbuzi waliolala ndani pamoja nasi walihamishiwa kibanda cha nje, wakilalamika siku nzima. Kisha sakafu ikasiribwa kwa mavi mabichi ya ng'ombe na majivu. Harufu ile, ikishakauka, kwangu ndiyo harufu ya nyumba safi hadi leo. Vijana wa sasa nikiwasimulia wanashika pua. Washike tu.

Kazi yote ile ilikuwa kwa ajili ya mdogo wangu Martina, aliyekuwa na pumu. Kifua kikimbana alikaa ameinama, mikono magotini, akivuta hewa kwa sauti ya filimbi, na nyumba nzima iliacha kula ikamwangalia. Mavuno ya mwaka mmoja nusura tumpoteze.

Baba alikuwa dereva wa trekta, mtu wa kijiji cha Daudi kule milimani, aliyefuata kazi huku tambarare, naye alimhurumia kwa namna yake. Alijaza makapi laini ya ngano kwenye magunia mawili, akayashona kwa sindano ya magunia, akampa Martina godoro. Sisi wengine tulilala kwenye ngozi kama kijiji kizima. Wenzake Martina walikuja kulibonyeza kwa zamu, naye akiwasimamia kama karani. Siku ya usafi tulilitoa kwa heshima, tukalipangusa juu juu, tukalirudisha ndani la kwanza. Nani angethubutu kulifumua? Lilikuwa la baba.

Basi mwaka uliofuata, nyumba inang'aa, Martina akabanwa kuliko kawaida. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, nami nikafuata na chupa ya uji, nikiomba njia nzima. Mganga wa pale alikuwa mtu wa Bukoba. Sote tulimwita daktari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka, akamchoma Martina sindano. Pumzi ilipotulia akamuuliza mama, akimwita kwa jina langu:

"Mama Safari, huyu mtoto analalia nini?"

"Godoro, daktari," mama alijibu kwa fahari. "Baba yake ndiye aliyemshonea."

"Ndani mmeweka nini?"

"Makapi ya ngano tu."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Mnafukuza vumbi mlangoni, halafu mnamshonea mtoto gunia zima alalie."

Mama alimbeba tena Martina hadi nyumbani. Nilijua anawaza atamwambiaje baba. Alimwambia jioni ile ile, akiangalia chini. Baba aliliburuta godoro hadi nje, akalifumua mwenyewe na kulichoma moto. Nilimwona akifuta macho. Alisema ni moshi. Kesho yake alikung'uta ngozi ya ng'ombe mpaka mikono ikamuuma, akamtandikia mwanawe. Mavuno yale Martina alibanwa mara moja tu, tena kidogo, na kombaini zilipoondoka alikuwa anaruka kamba na wenzake. Sijawahi kuona nyumba yetu ikiwa na furaha vile.

Leo Martina ni bibi wa wajukuu watatu, yupo Endasak, analima maharage na kugombeza watu kwa sauti nzima. Wajukuu wakipiga chafya mbili wanauliza simu, simu inawaambia wana aleji. Wana sakafu za vigae na magodoro ya sponji, na kila mmoja ana chumba chake na mlango wake. Sikatai, ni raha. Ila sisi tulilala tumebanana, na Martina akibadilisha pumzi tu, wote tulikuwa macho. Siku hizi mtu akibanwa kifua chumba cha pili, mpaka apige simu ndipo tumsikie.