Sauti ya Mama Mkwe

Fundi pancha huyu sauti anayo, hilo halina ubishi. Akiita "Upepo!" kutoka kibandani kwake, madereva wa barabara ya pili hukagua matairi. Tatizo ni kwamba alidhani kuimba nako ni kupayuka tu, ila kwa mpangilio. Kwenye kwaya ya mtaa, ubeti wake ukipanda alipanda nao kifua mbele, akifika juu sauti inakatika, kwaak, na akina mama wa safu ya mbele wanainama kuficha vicheko.

Na ubeti huo aliutaka mno. Miaka yote alikuwa mtu wa kuitikia nyuma. Sasa amepewa aimbe peke yake kwenye onyesho, na mke wake ameshatangazia ukoo mzima. Mwalimu wa kwaya, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwambia wazi: asipoipata noti ile ya juu kufikia Ijumaa, ubeti anapewa kinyozi.

"Unakibeba kifua kizima kwenda nacho juu," mwalimu akasema. "Hakifiki huko. Tumia sauti ya kichwa."

Fundi akainua kichwa. Kidevu kikatazama dari, mishipa ya shingo ikamtoka, na sauti ikakatika mapema zaidi.

"Sijasema hivyo, baba! Legeza shingo. Usikie mtetemo huku, nyuma ya pua na kwenye paji la uso."

Akalegeza. Kikatoka kisauti chembamba, upepo mwingi kuliko wimbo.

"Hiyo nayo ni falseto. Juu umefika, lakini nyuzi za sauti hazijakutana vizuri. Unavuja."

Neno hilo lilimuuma. Mtu anaziba pancha tangu ujana, leo anaambiwa anavuja!

Alifika nyumbani amefura. Na kama kawaida yake akikasirika, hasira akazimalizia kwa mama mkwe, aliyeishi nao katika chumba cha nyuma na ambaye masikio yake, kwa maelezo yake mwenyewe, yalishachoka. Fundi akashika kiuno, akabinua midomo, akamwigiza: "Mwanangu, huyu mumeo na sabuni hawajawahi kuonana!" Sauti ilikuwa ya juu kabisa, kali, imejaa.

Mke akaacha kucheka. "Hebu rudia."

"Mama yako atanisikia."

"Hasikii huyo. Rudia, sasa weka maneno ya wimbo."

Akayaweka. Noti ikatoka nzima, haikukatika wala haikuvuja, na paji la uso likamtekenya.

Ijumaa mwalimu alitikisa kichwa kwa furaha. "Hiyo ndiyo yenyewe! Umeitoa wapi?"

"Kwa ndugu," fundi akajibu.

Siku ya onyesho, mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Fundi akamwona. Asipomwigiza, sauti itakatika mbele ya ukoo. Akimwigiza, atakuwa amemvunjia heshima mama wa watu macho kwa macho. Akachagua heshima, akaanza kwa kifua. Alipokaribia noti ya juu alijua kabisa kwamba amekwisha.

Hapo mama mkwe akamtolea macho. Taratibu akashika kiuno, akabinua midomo.

Fundi akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini mdomo ulishamtii mama mkwe. Ukabinuka, na noti ikatoka safi hadi mlangoni. Watu wakasimama kumpigia makofi.

Mlangoni alimwinamia, macho chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeimba vizuri, mkwe wangu," akasema. "Ila ile ya sabuni mimi huisema juu zaidi."