Wajane Wawili wa Fundi Abdulghani

Samiha binti Zubeiri alizaliwa Maramba, shambani, kwenye michungwa na mihogo, na mpaka anaolewa hakuwahi kutia mguu baharini. Msicheke. Wako wengi upande ule wanaoijua bahari kwa kula dagaa tu. Alipoletwa mjini, Makorora, akiwa bibi harusi, mumewe Abdulghani, fundi wa mafriji, alimpeleka ufukweni akaone. Samiha akasikia maji yanauvuta mchanga chini ya nyayo zake, akarudi nyuma, akasema yeye na huyu hawataelewana. Abdulghani alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia haya, kama mke haendi baharini, basi bahari itakuja kwa mke.

Maneno kama hayo wanaume huyasema kwenye fungate, na fungate likiisha nayo huisha. Huyu hakuwa hivyo. Hoteli moja ya Raskazoni ilipofungwa, tangi kubwa la kioo ambalo Abdulghani alikuwa akilitengenezea mtambo wa kupoza maji likabaki halina mwenyewe. Akaliomba, akapewa, akalileta nyumbani na kuliweka sebuleni, pale ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo. Alilijaza maji ya bahari, akatia mawe, matumbawe, konokono, kamba wadogo wenye mistari, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Juu ya jiwe la katikati alikaa mnyama laini mfano wa ua, ana vidole vingi vinavyocheza na maji. Wasomi humwita anemoni. Wale samaki wawili walilala humo vidoleni mwake, hawaendi mbali.

Huyo mnyama ndiye alikuwa roho ya Abdulghani. Akirudi kazini, chai hajanywa, kanzu hajavaa, kwanza ampitie huyo. Mungu hakuwajalia mtoto yeye na Samiha, na Samiha hakuwa mtu wa kununa; akaligeuza utani. Akampa yule mnyama jina, mke mwenza. Leo zamu ya nani, mume wangu, yangu au ya mke mwenzangu? Mke mwenzangu ameshakula, mimi je? Jina likashika mtaa mzima. Hata Bi Nasma, dada mkubwa wa Abdulghani, akija kutoka Ngamiani, alikuwa akimsalimu Samiha kisha anageukia kioo na kumuuliza hali wifi yake mdogo.

Sheria ya tangi ilikuwa moja tu, na Abdulghani alimrudia Samiha mpaka ikawa kama wimbo: shaba haiingii humu. Kazi yake ilikuwa ya mabomba ya shaba tangu asubuhi, kwa hiyo alinawa mpaka viwikoni, akasuuza, akasuuza tena, ndipo atie mkono. Alimweleza Samiha kwamba samaki huweza kuvumilia, lakini hawa wasio na mifupa, shaba kidogo tu inawamaliza. Kwenye friji aliweka kichupa cha dawa ya kupimia shaba majini, apate kujua kama mikono yake imeleta madhara. Samiha alikuwa akimshikia taa na kumwona anahesabu matone.

Kisha Abdulghani akafa. Alilalamika kifua, akalazwa, akarudishwa amefunikwa. Hitima ilipikwa kwenye sufuria kubwa la shaba la marehemu mama yao, lile ambalo harusi zote na misiba yote ya ukoo ule imepita humo. Samiha akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane anayekaa eda hatoki nyumbani mpaka muda wake utimie. Bi Nasma akafunga nyumba yake ya Ngamiani akaja kukaa naye, akampikia, akamlazimisha kula, akawakaripia wageni waliokaa mno. Wifi kama huyo utamtafuta kwa tochi.

Basi maji ya tangi nani atayaleta? Abdulghani alikuwa akiyafuata mwenyewe kwa madumu meupe. Madumu yale wapishi wa msibani waliyachukua, na yaliporudi yalinuka mafuta na sabuni. Bi Nasma akayaangalia, akasema maji ya ndugu yake hayabebwi na takataka. Akalichukua sufuria la mama. Akalisugua kwa ndimu na majivu, mpaka likang'aa unajiona uso. Akamwita Uweso mwenye bajaji, wakaenda kuchota mbali na bandari, maji yakalazwa uani humohumo ndani ya sufuria, yamefunikwa kawa, mchanga utulie. Kulipokucha akayatia tangini kwa kata, taratibu, huku midomo inasoma. Kila maji yalipotakiwa kubadilishwa alifanya vivyo hivyo. Samiha chumbani alisikia kata inagonga chombo na akamwombea dua wifi yake. Maji yalichotewa kwenye nini, hakuwa na akili ya kuuliza.

Walianza konokono. Walianguka kutoka kwenye kioo wakabaki chali. Kamba wakafuata. Matumbawe yakajifunga, kisha yakaanza kupauka na kubambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mke mwenza akakunja vidole, akasinyaa, akawa kama ngumi. Samaki wake mmoja alikufa; aliyebaki akawa anampepea kwa mapezi, anamsukuma, anarudi anampepea tena. Samiha alishindwa kutazama.

Wanawake waliokuja kumpa pole wakaona, na midomo haina kufuli. Wakasema vitu vya marehemu humfuata mwenyewe, usishindane na Mungu, mwache aende. Samiha karibu akubali. Kilichomtesa hakumwambia mtu: katika nyumba ile, kitu pekee kilicho hai ambacho mkono wa Abdulghani ulikilea kilikuwa hicho. Kikienda, ndiyo ameondoka kwelikweli.

Asubuhi moja alitoka uani kutawadha. Sufuria lilikuwa tupu, limeinamishwa likauke, na jua linaingia ndani. Samiha akaona wekundu mtupu wa shaba. Lile bati jeupe ambalo watu wa zamani hulitia ndani ya sufuria za shaba lilikuwa limekwisha, na ndimu ndiyo ilikuwa imelimalizia. Kwenye ukingo palikuwa na kutu ya kijani. Akaingia ndani, akafungua friji, akatoa kile kichupa. Akateka maji ya tangi kidogo, akahesabu matone kama alivyomwona mumewe. Maji yakageuka rangi: shaba imo.

Sasa nakuuliza, wewe ungesemaje? Mtu amefunga nyumba yake kwa ajili yako. Amekusugulia sufuria la mama yake kwa mikono yenye baridi yabisi. Utamwambia kwamba ihsani yake ndiyo inaua? Samiha alifikiria kumdanganya, aseme amechoka na tangi, maji yasiletwe tena. Lakini bila maji mapya mke mwenza angekufa, na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya eda, hatoki. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Walipomaliza kunywa uji alimshika wifi yake mkono, akamwonyesha kichupa, akamwambia.

Bi Nasma hakulia. Alikwenda uani, akaingiza mkono ndani ya sufuria, akapapasa pale penye wekundu.

"Kwa hiyo nimemnywesha sumu wifi yangu mdogo," akasema. "Kwa sufuria la mama."

Samiha akamwambia hakujua, hakuna aliyejua. Bi Nasma akamwita Uweso, wakalipakia sufuria kwenye bajaji, akarudi Ngamiani. Hakuaga.

Nyumba ikawa kubwa. Samiha alifanya aliyoweza. Akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akatoa wafu wote, akatoa na baadhi ya mawe, kwani Abdulghani alishamwambia kuwa mawe hunywa shaba kisha huirudisha kidogo kidogo. Akatafuta mkaa wa kuchujia aliouacha marehemu, akautia kwenye kifuko cha kitambaa, akaufunga mbele ya pampu. Lakini mkaa peke yake hautoshi. Palihitajika maji safi, na mengi. Siku moja alivaa buibui, akafika mlangoni, akashika komeo. Akafikiria hukumu ya eda, akafikiria macho ya majirani, akafikiria ile bahari inayovuta mchanga. Akavua buibui, akakaa sakafuni mbele ya tangi, akamwambia mke mwenza amsamehe. Aliona amemkosa mume na wifi, na sasa huyu.

Kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata bajaji ikanguruma mlangoni. Bi Nasma aliingia amelowa mpaka kiunoni, mtandio umemganda. Nyuma yake Uweso akateremsha madumu ya plastiki, mapya, akayaweka mlangoni akaondoka. Bi Nasma hakuomba radhi wala hakueleza alikokuwa. Aliuliza tu yatoke kiasi gani na yaingie kiasi gani. Alipotaka kuanza kazi akajitazama mkononi. Alikuwa na bangili ya shaba, ile wanayovaa watu kwa maumivu ya viungo. Alivikwa na mama yake, na tangu mama afe haikumtoka. Sasa ikagoma kwenye kifundo. Akapaka sabuni, akavuta, ngozi ikachubuka. Akaiweka dirishani, akanawa mpaka viwikoni, kama alivyokuwa akinawa ndugu yake.

Wakatoa, wakatia. Kila mara Samiha alipima, na kila mara rangi ilikuwa imepungua kidogo, kisha siku nyingine inarudi, kwa kuwa mchanga na mawe yaliyobaki yalikuwa yanatema. Walitoa mchanga. Walibadilisha mkaa. Matumbawe hayakurudi, hata moja. Mke mwenza akawa vilevile, ngumi iliyofumbwa, haponi wala haozi, na samaki wake anapepea. Wanawake wawili walikula mbele yake, wakasali, wakagombana kidogo juu ya chumvi ya mchuzi. Bi Nasma akilala usingizi wa mchana, uso alikielekezea kioo.

Eda ikaisha. Wanawake wa mtaa wakaja, wakamwogesha Samiha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi kule uani. Alipoingia sebuleni wakasimama kumpongeza na kumpa pole vyote pamoja, kama ilivyo desturi. Bi Nasma hakuwa miongoni mwao. Alitokea mlango wa nyuma amebeba ndoo ya maji ya bahari na kata mkononi.

"Huyu naye ni mjane," akasema. "Eda yake imekwisha. Tumtoe."

Mmoja akataka kucheka, akamwona uso, akaacha. Bi Nasma akateka maji kwa kata ya kifuu, akayamimina juu ya tangi polepole, upande wa mke mwenza, kama anavyoogeshwa mtu. Alimimina mpaka ndoo ikaisha. Kidole kimoja cha yule mnyama kikajinyoosha, halafu kingine, halafu vya upande mzima, vyembamba, vimepauka, vinacheza na maji. Samaki akazunguka mara mbili, akaingia, akalala.

Samiha alilia pale. Katika eda nzima alikuwa ametoa machozi, lakini hakuwa amelia. Bi Nasma akaweka kata chini, akamkumbatia, naye akalia, na wale wanawake wakatoka mmoja mmoja wakawaacha. Walipotulia Samiha alimshika wifi yake mkono, ule ulioachwa mtupu na bangili, akamwambia safari ijayo ya maji watakwenda wote wawili, na yeye ndiye atakayeingia kuchota.