Vidonge vya Mama

Niliiba dawa ya mama yangu kwa muda wa miezi mitatu. Naliandika hilo mapema kwa sababu najijua: nikianza kwa mbali nitazungukazunguka mpaka msomaji anihurumie, na sitaki huruma ya mtu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, nina mke na watoto wanne, nina cherehani mbili za kukanyaga kwenye baraza la duka moja la vitambaa hapa Makiso, na jioni nilikuwa nanyata kuingia chumbani kwa mama kama panya.

Mambo yalianza na kifo cha fundi mwenzangu. Tulikaa baraza moja kwa miaka kumi na moja, yeye upande wa mlango, mimi upande wa barabara. Asubuhi moja alikuwa anashona mkono wa shati, akasimamisha miguu, akalaza kichwa juu ya cherehani. Nilimtania. Nilimwambia usingizi wa nyumbani asiulete kazini, nikaendelea kukata suruali yangu kwa dakika nzima kabla ya kwenda kumgusa bega. Kwenye matanga watu walirudia neno moja tu: tension. Ndivyo tunavyoita shinikizo la damu huku kwetu, kwa Kifaransa, na kila anayelitaja anapunguza sauti.

Wiki iliyofuata moyo wangu nao ukaanza. Nilikuwa nampima mteja kiuno, ukapiga kishindo kimoja kikubwa, ukanyamaza, kisha ukatoka mbio. Vidole viliingia ganzi, kifua kikabana, jasho baridi likateremka mgongoni, na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba zamu yangu imefika. Mteja aliniuliza kama nimesahau namba. Nikasema ndiyo. Nilimpima upya mara tatu, na mara zote tatu sikuona kilichoandikwa kwenye utepe.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa moyo wangu. Nilivaa utepe shingoni kama mafundi wote, na chini ya utepe vidole viwili vilikuwa vinatafuta mshipa. Wateja walidhani nafikiria mshono. Kumbe nahesabu mapigo. Nikihesabu yanaongezeka, yakiongezeka naogopa, nikiogopa yanaongezeka tena. Niliacha kahawa. Niliacha kulalia ubavu wa kushoto, maana mapigo nilikuwa nayasikia kwenye mto. Watoto wakicheka kwa nguvu nilikuwa nawafokea, halafu naona haya, halafu moyo unakimbia kwa sababu ya ile haya.

Mwishowe nilienda kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinifunga mkono, akakijaza hewa kitambaa cha kipimo, akasoma, kwa hesabu ya huku kwetu inayokata sufuri ya mwisho: kumi na tano kwa tisa. Niliona giza. Akaniambia nikae kwenye benchi, nisiongee, nisishike shingo. Baada ya robo saa akapima tena: kumi na mbili kwa nane. Alinisikiliza kifuani na mgongoni, akanirudisha siku ya pili na ya tatu, akanipeleka hata kwenye mashine ya kuchora moyo. Kisha akatoa hukumu mbele ya akina mama waliopanga mstari na watoto wao:

"Papa, hauna tension. Moyo yako iko muzuri. Uko na woga tu. Batu mingi iko nayo. Kama inaanza, pumua pole-pole, hewa ikawie kutoka kuliko kuingia, na uache kutafuta mushipa. Urudie wiki ingine tuongee vizuri."

Woga. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka. Pengine alichekea jambo jingine kabisa, lakini mimi nilichukua kicheko chote nikaenda nacho nyumbani. Kama muuguzi angeniambia nina ugonjwa ningemshukuru. Kuambiwa sina kitu, mbele ya watu, mwanamume mzima mwenye ndevu, niliona ni kutukanwa. Ile wiki ingine ilifika, sikurudi.

Mwenye tension ya kweli ni mama. Ana miaka zaidi ya sabini, anakaa kwangu kwenye chumba cha mbele, na kila jioni baada ya swala ya magharibi anameza kidonge kimoja cheupe. Dawa ananunua dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu. Mwanzo wa mwezi analeta boksi la vidonge thelathini, na boksi hilo ni la mwezi mzima.

Hapa lazima nieleze jambo moja kati yangu na mama. Nilipewa jina la baba yake. Kwetu jina la namna hiyo si maneno ya karatasi tu. Mimi ni ndoyi wa babu, yaani somo wake, kwa hiyo mama ananiita papa, yaani baba, tangu nikiwa mchanga. Hakuwahi kunipiga. Hakuwahi kunituma sokoni, alituma dada zangu. Kichwa cha samaki kilikuwa changu. Nikikosea, aliigombeza sufuria: "We sufuria, nani alikufundisha uongo?" na mimi nimesimama palepale, sukari bado iko mdomoni. Mtu hawezi kumgombeza baba yake. Nilikua nikilijua hilo na, niseme ukweli, nilikua nikilitumia.

Jioni ya kwanza niliaga kwamba naenda msikitini. Mama alikuwa juu ya mkeka wake wa kuswalia, amenipa mgongo, na boksi lilikuwa kwenye meza ndogo karibu na mlango. Nilisubiri asujudu. Nikachomoa kidonge kimoja, nikatoka. Nilikiweka chini ya ulimi njia nzima, kichungu, nikasimama safuni na wanaume wenzangu hali kinaendelea kuyeyuka mdomoni. Moyo ulitulia. Leo najua ulitulia kwa sababu niliamini umepewa dawa, lakini jioni ile nilimshukuru Mungu kwa kidonge cha wizi.

Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Kisha ikawa kila nikitoka matangani, na mji wetu haukosi matanga. Kisha ikawa siku moja ndiyo, siku moja hapana, nikijiambia kwamba kwa mpango huo mama hataona pengo. Vidonge vyenyewe vilianza kunipa kizunguzungu. Nikiinuka ghafla kutoka kwenye cherehani, baraza lote linazunguka. Mwenye akili angeacha. Mimi nilisema: unaona, ugonjwa unakua. Nikazidi kumeza.

Mara moja tu mama alisema neno. Mke wangu alikuwa uani anatwanga ndizi za lituma, bonge letu la ndizi za kupondwa, mama amekaa pembeni, mimi nangoja chakula. Mama akauambia mchi: "Hii dawa ya siku hizi inayeyuka sawa sukari." Mke wangu alicheka. Mimi niliuliza kama kuna pilipili.

Ajabu ni kwamba baada ya hapo boksi halikuisha mapema tena. Vidonge vilifika mwisho wa mwezi vizuri kabisa. Nilijiambia dada ameongeza. Sikumuuliza, kwa sababu swali lenyewe lingenifichua, na pia kwa sababu jibu nililojipa lilinifaa.

Siku chache baada ya Ramadhani, mchana, mama alikuwa anatawadha, birika likamponyoka. Mke wangu alinipigia simu barazani. Nilipofika nilimkuta amekalishwa chini, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kushoto umelala mapajani bila kazi. Tuliita pikipiki, tukamweka kati ya dereva na mimi. Nilimkumbatia kutoka nyuma ili asianguke, na moyo wake ulikuwa unapiga chini ya kiganja changu. Njia nzima sikusikiliza wangu. Niligundua hilo baadaye, na halikunipa fahari yoyote.

Hospitalini walisoma ishirini na moja kwa kumi na mbili. Daktari, kijana mpole, aliuliza kama mgonjwa anakunywa dawa kila siku. Dada alikuwa amefika kutoka shuleni, chaki bado iko vidoleni.

"Namununuliaka kila mwezi, dokta," akasema. "Shida ni uzee. Anasahauka."

Daktari akainama. "Mama, ni kweli? Unasahauka dawa?"

Mama aliangalia dari. Kisha akaniangalia mimi, kidogo tu, akarudi darini.

"Ninasahauka," akasema, ulimi mzito.

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika kandambili zake. Ilikuwa zamu yangu ya kusema, na ilitaka sentensi moja tu. Dada alianza kumgombeza taratibu, kama anavyowagombeza wanafunzi wake wa darasa la kwanza: mama, miye natafuta hii dawa kwa jasho, na weye unaiacha hivihivi. Mdomo wangu mimi ulikuwa mzima, haukuvutwa upande wowote, na ulikaa kimya.

Wiki ile nilirudi kwa yule muuguzi. Safari hii niliomba mlango ufungwe, nikamwambia yote, na vidonge pia. Hakucheka wala hakunifariji. Aliniambia dawa ya tension ya mtu mwingine ingeweza kuniangusha barabarani, kisha akanipima, akanikalisha, akanifundisha upya kupumua kama mtoto anayefundishwa kushika kalamu. Tangu hapo sijagusa kidonge. Moyo bado unanijia, na unachagua saa wenyewe: mteja yuko mbele yangu, au imamu ameanza khutba. Nautoa mkono shingoni. Nakanyaga chuma cha cherehani mpaka nihisi ubaridi wake kwenye nyayo, natoa hewa polepole, nashona hata kama mstari unapinda. Baada ya dakika kumi hivi unachoka wenyewe. Mistari iliyopinda naifumua baadaye. Kupona sijapona, nimejifunza kukaa nao bila kukimbilia kwa mtu.

Mama alitoka hospitali baada ya wiki tatu. Mdomo ulirudi karibu na mahali pake. Mkono wa kushoto haukurudi. Ijumaa moja baada ya swala, nyumba ikiwa tupu, nilikaa chini kando ya kitanda chake. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yenye woga wangu ndani, yenye kifo cha fundi mwenzangu ndani. Yalitoka machache.

"Mama, ile dawa haukuisahau. Ni miye nilikuwa naiiba."

Hakushtuka. "Nilijuaka, papa."

"Tangu lini?"

"Mbele ya Ramadani kuanza. Siku moja uliharakisha, haukuona nilikuwa nimeisha kuinuka kwenye sujudu. Nilikuona kwenye kioo ya kabati."

Kile kioo nilikiweka mimi mwenyewe, mwaka niliomhamishia chumba kile. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na niliuliza kwa ukali kidogo, kana kwamba kosa ni lake.

"Ningesema nini? Papa yangu iko mugonjwa, iko anaogopa, anakamata dawa. Ningemunyima?" Akapumzika, maneno bado yanamchosha. "Nilianza kukata ya kwangu nusu. Nusu leo, nusu kesho. Ili yako isikose mpaka dada yako alete ingine."

Kwa hiyo ndiyo sababu boksi lilifika mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nameza kizima nisichokihitaji, yeye nusu ya kile kilichokuwa kinamshikilia. Nililia kwa sauti mbaya, na hata wakati nalia moyo ulianza mbio zake, na nilitamani safari hii ufanye kweli kile unachonitishia.

Nilipoweza kusema, nilimwambia nitamweleza dada siku hiyohiyo. Mama alinikamata kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. Sikujua bado ana nguvu vile.

"Hapana. Hiyo jina ni ya papa yangu. Batu baiite mwizi? Acha baseme miye ninasahauka. Muzee kusahau haiko haya."

Nilitii. Katika maisha yangu yote sijawahi kumtii mama haraka namna ile. Najua alikuwa analinda jina la baba yake, na najua pia kwamba nilifurahi kulindwa pamoja nalo. Ndiyo maana katika kurasa hizi sikuandika jina la mtu yeyote.

Siku hizi dada haachi tena boksi nyumbani kwangu. Analiweka kwenye mkoba wake, na kila jioni baada ya magharibi anapita kwetu kabla ya kwenda kupika. Anampa mama kidonge kiganjani, anampa maji, anangoja. Kisha anamwambia afungue kinywa, ainue ulimi, aonyeshe kama kweli amemeza. Mama anafungua kinywa, anainua ulimi. Mimi nakaa palepale kwenye kiti, naangalia.