Nafasi Begani mwa Herufi F

Hebu mwone anavyoingia. Mlango wa ofisi ni mzito, anausukuma kwa nyonga kwa sababu mkono mmoja umeshika chupa ya chai na mwingine daftari. Miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Anasalimia meza moja moja, anauliza hali ya watoto wa kila mtu, ndipo anakaa. Wenzake wanamwita Mama Unywele, na ukishinda naye siku moja hutauliza jina limetoka wapi.

"Hapo sogeza unywele mmoja," atakwambia. "Umezidisha. Rudisha nusu unywele."

Kazi yake ni kupanga herufi za masomo ya hesabu kwenye tovuti inayosomwa na wanafunzi wa sekondari. Alianzia kiwanda cha uchapaji, enzi za kupanga kwa mkono herufi za madini ya risasi, akirudi nyumbani na mikono myeusi kama fundi gari. Siku hizi ni skrini tu, lakini maradhi ni yale yale. Herufi za hesabu huandikwa kwa italiki, zimeinama kulia kama mtu anayechungulia kwa jirani, na kompyuta haina habari kwamba zimeinama. Inapima mguu, inasahau kichwa. Basi f ikifuatwa na mabano, kichwa chake kinayagonga. Na kile kialama kidogo kinachokaa begani mwa f, kinachomwambia mwanafunzi kuwa hii si f ile ya mwanzo, kinamezwa kabisa. Mtoto anakosa swali, anajiona mjinga, kumbe wajinga ni sisi tuliompangia.

Jambo hilo lilimnyima raha. Miezi tisa, kila mapumziko ya mchana, alikuza herufi moja moja mpaka ikajaa skrini, akapima imeegemea kiasi gani na alama ipi ikija nyuma yake isogezwe kiasi gani. Yote akayaandika daftarini kwa penseli. Bosi hakuwahi kuliona daftari lile, ila alikuwa ameahidi kwamba atakayelimaliza tatizo hili, jina lake litaandikwa chini ya kila ukurasa. Nawe fikiria: vitabu vyote alivyowahi kupanga vilitoka na jina la mwandishi, la mchapishaji, hata la mchora jalada. Lake halijatokea popote. Alilitaka mara moja tu, alione.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, ndiye fundi wa programu pale. Mama Unywele ndiye aliyemwombea kazi, akamkalisha meza ya jirani, akamfundisha kuangalia herufi. Alipompa daftari ayaingize yale mahesabu kwenye tovuti, alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Shemeji, usiniruke hata mstari."

"Dada, nikuruke wewe? Jumapili nitakula kwa nani?"

Wakacheka.

Siku ya uzinduzi alivaa gauni jipya, mdogo wake akakaa ubavuni kwake. Bosi akasimama. "Tumpongeze mtaalamu wetu wa programu," akasema, "aliyekaa miezi tisa akipima herufi moja moja." Ukutani, chini ya ukurasa uliokuzwa, lilikuwepo jina la shemeji. Peke yake. Mdogo wake alipiga makofi kwa nguvu, akageuka kumtazama dada yake, makofi yakaisha.

Shemeji alimfuata kwenye ngazi. "Dada, walitaka jina moja. Mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Ni kitu kimoja, sawa. Mbona hukuandika langu?"

Shemeji akashuka ngazi. Daftari alikuwa amerudishiwa, na wenzake walimwambia alipeleke kwa bosi. Hakupeleka. Mdogo wake alikuwa na mimba ya miezi saba, na yeye hakutaka kuwa mtu wa kuitikisa nyumba ile. Akawa anakunywa chai yake akiwa ameupa mgongo upande wa shemeji. Kilichomuuma zaidi ni ile mikono yake miwili iliyomkabidhi daftari.

Wiki mbili baadaye bosi akataka tovuti ivae herufi za mtindo mpya. Shemeji akabadilisha herufi, vipimo akaviacha vile vile. Alidhani kipimo ni kipimo. Hakujua kila ukoo wa herufi huinama kivyake, na kwamba alikuwa anamvalisha mtu suruali iliyopimwa kwa kaka yake. Walimu wakaanza kupiga simu: kialama cha f hakionekani, d na mabano zimekaa mbalimbali kama zimegombana. Na Jumatatu wanafunzi wana mtihani wa majaribio, wote wanasomea hapo.

Ijumaa saa nane mchana, shemeji akachuchumaa kando ya kiti cha Mama Unywele.

"Dada, nisaidie. Bosi anaitaka saa kumi."

"Mwambie aliyepima apime tena."

"Usinifanyie hivyo."

"Nani kamfanyia nani?"

"Nikisema ukweli leo, nafukuzwa. Na mdogo wako unaijua hali yake."

Mama Unywele akavaa miwani, akaikuza f mpaka ikajaa skrini. Kialama kilikuwa kimejificha chini ya kichwa chake, hata yeye alikitafuta. Njia ya kupima alishaijua, saa mbili zingetosha kurekebisha, na jina la shemeji lingezidi kung'aa. Mlango wa bosi ulikuwa wazi, hatua sita tu.

Wewe ungekuwa umekaa kwenye kiti kile, ungeanza na herufi, au ungeanza na mlango?