Pipa la Mafuta ya Taa, kwa Tanga, Kutoka Musoma hadi Bukima

Niliondoka Bukima na hasira zangu, kwa hiyo msomaji anayetafuta habari za upepo mwanana wa ziwa anisamehe. Friji ya zahanati yetu ilikuwa ya mafuta ya taa, na mafuta yalikuwa yanakwisha. Ndani yake mlikuwa na chanjo ya surua ya watoto wa vijiji vyote vya jirani, na siku ya chanjo ilikwisha kutangazwa kanisani. Moto wa friji ukizimika, dawa inaharibika, na surua ya mwaka ule ilikuwa imeshaanza kuzika watoto. Nilipouliza wilayani nikaambiwa lori la kutuletea mafuta limekwama Butiama kwa kukosa dizeli. Nikasubiri, nikatuma mtu tena. Jibu likawa lile lile, lori liko Butiama, utadhani limeoa huko.

Nikaamua kuyafuata mwenyewe Musoma, kwa maji. Upepo haukuhitaji kibali.

Maandalizi yalichukua muda kuliko safari. Jirani yangu Bwire alikuwa na mtumbwi wa tanga, lakini tanga lilikuwa limechanika na kitambaa hakikuwapo dukani. Dukani siku hizo ulikuta rafu na muuza duka, basi. Shemeji yake Bwire, mkulima wa Bunda, akatupatia magunia ya pamba, na mimi nikatoa shuka yangu ya kitandani. Tulishona uani kwangu kwa sindano ya magunia hadi vidole vikavimba. Nilipomuuliza Bwire nauli, alicheka.

"Pesa nitaifanyia nini, nesi? Nipe sabuni. Mke wangu, Mama Magesa, anafuaga na majani ya mpapai."

Nikampa sabuni yangu ya mgao, mche mzima. Chakula kilikuwa unga wa muhogo, dagaa wakavu na chumvi. Mafuta ya friji nilimwachia Nyangeta, mhudumu wa zahanati, nikamwambia apunguze utambi na asifungue mlango wa friji hata mkubwa gani akija kukagua. Yalikuwa machache mno, na sote wawili tulijua hivyo.

Alfajiri tulisukuma mtumbwi, tukatumia upepo utokao nchi kavu. Tulikuwa mimi, Bwire na pipa tupu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kopo, maana mtumbwi ule ulivuja kama pakacha. Bwire aliimba njia nzima. Mimi sikuimba.

Jioni tulifika Mugango, kwa dada yake Bwire. Alitupikia ugali wa muhogo na sato, akatutandikia mkeka. Nilipotaka kumpa chumvi kidogo alikasirika.

"Umekuja kwangu ukiwa unafuata dawa ya watoto, halafu unataka kunilipa? Kula, mama, usinitukane."

Musoma mjini nilifika na barua yangu ya maombi. Sitasimulia kila dirisha nililosimama mbele yake. Kijana wa bohari alisema barua haina muhuri. Mwenye muhuri alikuwa amekwenda mazishini. Aliporudi akasema muhuri upo ila wino hakuna. Nilimfuata hadi kwake, nikakaa kizingitini na gauni langu la kazi, watoto wake wakaanza kunishangaa. Wino ukapatikana. Pipa likajazwa, Bwire akalifunga kwa kamba ya katani katikati ya mtumbwi, nami kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nikacheka.

Kicheko hicho hakikufika mbali. Upepo ulikatika tukiwa bado karibu na Musoma, tukalazimika kupiga makasia hadi kwenye mwalo mmoja, kituo cha mitumbwi ufukweni, nisioutaja jina, kwa sababu waliokuwapo bado wapo. Pale akaja mkaguzi, suruali imekunjwa asilowe. Nikamwonyesha kibali nilichopewa bohari.

"Hiki ni cha kubeba," alisema. "Cha kupita kiko wapi?"

"Nitabebaje bila kupita?"

"Mama, mimi sibishanagi na wanawake. Ofisi yetu iko giza."

Nilimtazama Bwire nikidhani atanitetea. Akainama, akaninong'oneza kwamba chombo hakiachi mwalo bila kuacha kitu.

"Sisi tunaachaga samaki, nesi. Wewe huna samaki."

Ndiyo desturi ya ziwa letu, na sikatai kuwa ina uzuri wake. Mtumbwi ukitua, wenyeji wanakupa kuni, maji na mahali pa kulala, nawe unaacha kitoweo. Lakini kitoweo changu kilikuwa mafuta ya friji. Mkaguzi alileta debe, si chupa. Nilisimama pale nikayasikia yakilia ndani ya debe lake, na nilitamani kumsukuma majini na suruali yake iliyokunjwa.

Baada ya hapo ikawa kama harufu imetutangulia. Kwenye mwalo uliofuata tanga lilichanika, fundi akalitia kiraka, akataka chupa. Mwenye kamba akataka chupa. Katibu mmoja akataka ya kuendeshea mkutano wa usiku, mkutano wa kujadili uhaba wa mafuta! Nilimcheka usoni, naye akachukua mbili. Mugango tu ndiko sikuombwa kitu. Dada yake Bwire alitupa viazi vya njiani, akakataa hata tone, na alipotusindikiza nikaona nyumba yake haina taa.

Tulipoikaribia Bukima pipa lilikuwa linacheza kwa wepesi. Na pale mwaloni kwetu, nikaona watu wamejaa, kila mmoja na chupa yake mkononi.

Hapo nilipasuka. Sikungoja mtumbwi uguse mchanga. Nilisimama nikapiga kelele, nikawaita fisi, nikasema atakayegusa pipa hili nitamchoma sindano butu. Nyangeta alipita katikati yao, akaingia majini hadi magotini.

"Nesi, shuka. Friji inawaka."

"Inawaka na nini?"

"Na mafuta yao. Yale ya kwako yaliisha zamani. Nilipita nyumba kwa nyumba, wakamiminaga hata ya kwenye koroboi. Watu wanalalaga giza tangu uondoke. Chupa walizoshika ni zile walizonipa nazo. Mimi ndiye niliwaambia waje, utawarudishia."

Niliwaomba radhi. Kisha nikawaeleza kwa nini siwezi kuwarudishia, kwani kilichobaki kingetosha friji tu, na hapo kwa kubana. Nikataja mwalo kwa mwalo, nani alichukua nini, kwa cheo chake na kwa jina. Mwenyekiti wetu wa kijiji alianza kukohoa.

"Nesi, mambo ya namna hii hayasemwagi mbele za watu."

"Walichukua mbele za watu," nikamjibu. Nikaendelea hadi nikamaliza.

Chanjo ilifanyika. Dawa ilikuwa nzima. Wenye chupa wakarudi nyumbani nazo tupu, na giza likawa lile lile. Nilitibu watoto wao mchana, na usiku nikalala na hasira, maana friji haishibi, na safari nyingine ilikuwa inakuja.

Safari hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha namna ya kusafirisha pipa katika ziwa hili, nami nawaachia wasomaji funzo hilo bila malipo. Asubuhi ya kuondoka niliwakuta akina mama wananingoja mwaloni, watoto mgongoni, kila mmoja na chungu kidogo cha uji. Sikuwaita. Walisema wanakwenda kulinda taa zao. Bwire alilalamika kwamba mtumbwi utazama, akapandisha wale tu ambao mtumbwi ungeweza kuwabeba. Gharama ya safari ikawa uji.

Wakati wa kurudi, pipa limejaa, upepo ukatutupa tena kwenye mwalo ule ule. Akina mama walikuwa wamekaa wakilizunguka pipa, bega kwa bega, wengine wameliegemea, watoto wananyonya. Mkaguzi akaja na debe lake.

"Nani mwenye mzigo?"

"Sisi," wakasema wote.

Akakunja suruali, akaingia majini, akauzunguka mtumbwi mbele na nyuma. Mguu ulikuwa juu tayari, lakini hakupata mahali pa kukanyaga, akarudi nchi kavu na debe tupu.