Shanta la Bibi Mwanahawa Lilivyokataa Kupungua

Jamani, niliwahi kubeba mzigo ambao kila nikiupunguza unaongezeka.

Msiniangalie hivyo. Siyo mambo ya waganga. Lingekuwa jini ningelisomea dua likaondoka zake. Huyu alikuwa bibi yangu.

Mwaka ni tisini na tatu. Mitumba imemwagika Dodoma mpaka watu hatujui tuvae nini, tuache nini. Mimi Salwa, miaka kumi na tisa, nimejipatia shanta la mgongoni lenye mikanda kumi na mbili, na sijui hata mmoja unafunga nini. Watalii wenye mashanta kama hilo walikuwa wanapita mjini kwenda Kolo kuangalia michoro ya mapangoni, na mimi nikajiona mtalii.

Ila safari yenyewe ilikuwa ya bibi.

Bibi Mwanahawa ndiye aliyenilea. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limeshafunga, la kushoto anaona kivuli tu. Mwaka huo madaktari wa macho wakaja Dar kwa wiki moja, na wakatuma kindege kichukue wagonjwa wa mikoani. Jina la bibi likatoka. Aende na msindikizaji mmoja. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine, na madaktari wakishaondoka ndiyo mpaka mwakani, Mungu akijalia.

Msindikizaji nani? Mimi!

Nilitangaza mtaa mzima. Niliwaambia mpaka wauza mkaa. Nikasuka nywele, nikaazima viatu vya mchuchumio, nikawa natembea uani najizoeza kupanda ngazi za ndege.

Sharti lilikuwa moja. Bibi, mimi na mzigo wetu, jumla tusizidi kilo mia na thelathini. Jana yake tukaenda dukani kwa Mzee Mbaruku, tukapanda kwenye mizani ya magunia ya karanga. Bibi arobaini na nane. Mimi sitini na mbili, na Mbaruku aliisoma kwa sauti, Mungu anamuona. Shanta kumi na tisa.

"Imebaki kilo moja," akasema Mbaruku. "Kesho huyu Salwa msimpe chai."

Ndege ilikuwa saa saba mchana. Saa kumi na mbili asubuhi naamka, bibi yuko mlangoni na fimbo yake.

"Mke mwenzangu, twende Zuzu."

Ndivyo alivyoniita siku zote. Utani wa bibi na mjukuu, marehemu babu alikuwa mume wetu sote wawili.

"Zuzu kufanya nini, bibi? Leo tunapanda ndege!"

"Kumuaga wifi yangu. Nikifia huko juu sijamuaga, atasema nilikuwa na dharau."

Kwetu msafiri haondoki hajaaga, hilo halina mjadala. Na Zuzu siyo mbali. Nikapata lori la mchanga, dereva akaapa kwamba saa tatu anatupitia kuturudisha mjini. Nilitaka shanta libaki nyumbani, bibi akagoma katakata. Mzigo wake hauachi kwa mtu. Basi nikalipachika mgongoni, nikavaa na mchuchumio wangu, twende.

Zuzu nako nilisahau jambo moja. Watu wakisikia unakwenda Dar, kila mmoja anakumbuka ana ndugu huko.

Wifi yake bibi, Bi Mwanaharusi, akaleta unga wa uwele wa binti yake. Jirani akaleta karanga. Jirani wa jirani akaleta jogoo, hai, amefungwa miguu, ananitazama. Kukataa huwezi. Utaambiwa umeanza kuringa hata hujapaa.

Nikafanya ujanja. Bibi haoni, au siyo? Walipokuwa wanakunywa chai ukumbini, unga nikausukumia uvunguni mwa kitanda cha Bi Mwanaharusi. Jogoo nikamfungua kamba nyuma ya nyumba, akaondoka bila hata kuaga. Karanga nikazibakiza kidogo kwa aibu. Nikamkabidhi bibi shanta akae nalo, nikaenda barabarani kuchungulia lori.

Saa tatu, hola. Saa nne, hola. Saa tano akapita mtu na baiskeli akasema lori la mchanga limevunja springi, limelala huko mbele na dereva kalala chini yake.

Nikarudi mbio ndani.

"Bibi inuka! Lori limekufa!"

"Innalillahi," akajibu bibi, na akaomba kikombe kingine.

Nikalinyanyua shanta. Ebo! Mbona limekuwa zito kuliko nilivyokuja nalo? Nikasema ni njaa hiyo, si Mbaruku alikataza chai.

Nikamshika bibi mkono, tukashuka mpaka relini. Treni hakuna, ila pale penye kibanda cha mafundi nikaona kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, injini inanguruma, na fundi mmoja anapanga spana zake. Jina lake Filipo, liliandikwa mgongoni kwenye ovaroli.

"Kaka Filipo, tusaidie tufike mjini, tunawahi ndege!"

"Dada, hiki hakipakii abiria."

Nikaona nisilale. "Unamjua huyu mzee ni nani? Ni mama mzazi wa stesheni masta."

Filipo akaweka spana chini. "Mama yake stesheni masta nimemzika mwenyewe mwaka juzi. Nilishika jeneza upande wa miguu."

"Basi ni mama yake mdogo."

"Yule mzee alikuwa mtoto wa pekee."

Machozi yakaanza kunitoka, ya kweli, nikamweleza yote. Macho ya bibi, madaktari, saa saba, kilo mia na thelathini. Wakati nambembeleza, bibi alikuwa amekaa kwenye tuta la reli pembeni ya shanta, anahangaika na zipu. Nikashukuru angalau ametulia.

Filipo akamtazama bibi, akakuna kichwa. "Pandeni. Mkiulizwa, nyie ni mafundi."

Wallahi kiberenge kinakimbia. Upepo ulininyang'anya mtandio, vumbi likajaa kwenye nywele za kusuka. Bibi kashika fimbo yake wima mbele, anasalimia kila sauti anayoisikia. Nikampa Filipo karanga zote zilizobaki, kwa shukrani na kwa hesabu za mizani.

Akatushusha jirani na uwanja wa ndege, saa saba kasoro dakika kumi na tano. Nikavaa shanta. Mikanda ikanikata mabega.

"Bibi, kwani humu mna nini?"

"Nguo zangu, mke mwenzangu. Wewe huna mazoezi."

Nikakimbia hivyo hivyo. Shanta mgongoni, bibi mkononi. Kisigino kimoja cha mchuchumio kikabaki kwenye changarawe, sikugeuka. Nilikuwa natembea juu, chini, juu, chini, mpaka getini.

Kindege kipo! Rubani, mzungu mwembamba, anatazama saa. Nesi Ruthu, mwenye orodha, akapiga makofi kwa furaha. "Mama Mwanahawa! Tulishakata tamaa. Pandeni kwenye mizani haraka."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja, macho meupe, kifurushi mapajani. Huyo ndiye wa akiba. Sisi tusingefika, nafasi ilikuwa yake.

Bibi, arobaini na nane. Mimi, sitini na moja, kilo moja niliiacha njiani. Shanta likawekwa.

Thelathini na mbili.

"Haiwezekani!" nikapiga kelele. "Nimetupa unga, nimetupa karanga, nimetupa jogoo!"

"Jogoo gani umetupa?" akauliza bibi.

Rubani akatikisa kichwa. Nesi Ruthu akafungua zipu, akaanza kutoa. Khanga. Gauni. Khanga. Halafu akatoa kitu kimefungwa kwenye gagulo langu mimi, akakifungua. Jiwe la kusagia la Bi Mwanaharusi! Chini yake, kokoto za reli. Moja, mbili, nane, zimepangwa vizuri pembeni zisigongane.

Watu wakasogea kuchungulia. Kisha rubani akacheka mpaka akashika bawa.

Mimi sikucheka. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Bibi! Umetaka tukataliwe?"

"Mweh. Zimeingiaje hizo?"

"Bibi!"

Akanivuta, akaniinamisha mpaka sikio langu likawa mdomoni kwake.

"Mama yako alivyokufa, ulikuwa na miaka miwili," akasema, "na macho yangu yalikuwa yameshaanza ukungu. Sura yako siijui, Salwa. Wewe nakujua kwa mikono. Lakini kila mtu anayekuja nyumbani ananiambia umefanana na Shamimu wangu, umefanana na Shamimu wangu, kila siku. Nikifumbua macho nikamwona yeye amesimama, nitafanya nini? Nilishamzika. Sina nguvu ya kumzika tena."

Hasira yote ikaniisha. Niliona aibu kwa jinsi nilivyomburuta.

"Basi bibi," nikasema. "Ukinitazama ukaona uchungu, nitajifunika mtandio. Nitajifunika mpaka utakapozoea."

Akanipapasa uso taratibu, kama anayetafuta kitu. "Haya," akasema. "Twende."

Jiwe na kokoto vikatolewa, mizani ikakubali. Mzee wa kwenye benchi aliposikia hivyo akasimama, akaanza kupapasa njia ya kutokea. Jina lake Mzee Bernardo, alitoka Chemba, siku mbili juu ya malori, peke yake.

"Haidhuru," akamwambia nesi. "Mwakani."

Akajigonga kwenye nguzo. Akaiomba radhi nguzo.

Bibi akatega sikio. Nikaijua ile sura, nikajua nimekwisha.

"Salwa. Wewe macho yako yanaona?"

"Yanaona, bibi."

"Sasa ndege unaitakia nini?"

Nesi Ruthu akasema yeye yumo safarini, atawaangalia wote wawili. Mzee Bernardo akapimwa, kilo hamsini na nne. Na mimi, niliyewaambia mpaka wauza mkaa, nikabaki getini na kiatu kibovu, napunga mkono. Nilishangilia, jamani, lakini nililia pia, na siyo yote yalikuwa machozi ya huruma.

Mtaani ningerudi na sura gani? Nilijificha Zuzu wiki nzima. Bi Mwanaharusi alinilipiza kwa kunitwangisha ule unga wake upya, kwa sababu panya wa uvunguni waliuvamia.

Siku ya nane kindege kikarudi. Nikaenda uwanjani, nikasimama katikati ya ndugu wa wagonjwa, mtandio umefunika uso, limebaki jicho moja. Bibi akashuka mwenyewe, miwani mikubwa usoni, fimbo kwapani. Nyuma yake Mzee Bernardo anahesabu kwa sauti mbuzi wanaokula majani kando ya uwanja.

Nikashusha mtandio. Uso ukabaki wazi.

Bibi akanitazama, akanipita. Akaenda kwa msichana mwingine, mrembo, mwembamba, akamkazia macho, akatikisa kichwa. Akaenda kwa mwingine tena.

"Shikamoo, bibi," nikasema nyuma yake.

Akageuka. Akanitazama kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ndala. Akasogea, akafumba macho, akanipapasa uso, akafumbua tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hufanani naye hata kidogo!" Akaangua kicheko, machozi yanatiririka chini ya miwani. "Watu waongo hawa! Hii pua ni ya mume wangu. Na haya masikio ni ya mume wangu. Miaka kumi na saba naogopa kumwona mwanangu, kumbe nimelea mume!"

Jamani, sijawahi kutukanwa nikafurahi kiasi kile.

Ndugu zangu mnaosoma, mkiona mtu wenu anachelewesha safari kwa visingizio, msikimbilie kumburuta. Kaeni chini kwanza, mmuulize anaogopa nini. Mimi nilikimbia siku nzima na nilipouliza ilikuwa imebaki dakika tano.

Jiwe la kusagia nilimrudishia mwenyewe. Zile kokoto bibi alikataa zitupwe. Yeye ametutoka mwaka elfu mbili na nne, amekufa anaona, na kokoto zake bado ziko uani kwangu, zinashikilia mlango usijifunge.

Ndege bado sijapanda.